KWA NINI TWAPENDA DUNIA TUSIZOZIONA?

Wahenga walinena kwamba mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Kwa wale wasiojua vyombo, tezi ni nyuma ya jahazi, omo ni mbele, na ngama ni kule chini ndani, maji yanakoingia na kufuliwa. Yaani tembea utakavyo, mwisho utarudi kwenye kazi. Leo nataka kueleza kwa nini binadamu hupenda dunia asizoziona kwa macho, na ni lini dunia hizo humfaa na lini humdhuru.

Jambo hili lilinigusa nilipokuwa kidato cha kwanza. Babu yangu, mvuvi wa huku Msambweni, aliaga dunia. Baada ya matanga mie sikushika tena kitabu cha hesabu. Nilisoma hadithi za majini na visiwa vya dhahabu tu, mchana na usiku, kwani huko hakuna mtu niliyempoteza. Matokeo yake? Mwisho wa muhula nilikuwa karibu na mkia wa darasa, na mwalimu akaniuliza kama bado nataka kusoma.

Sababu ya kwanza ya kupenda dunia hizi ni mapumziko. Mtu aliyeshinda juani akichota maji au kushona makuti, jioni anataka moyo wake utembee. Ndiyo maana nyanya akisema "Paukwa!" sote twaitika "Pakawa!" kwa sauti moja, hata wale waliokuwa wakisinzia. Ni kama kubisha hodi kwenye nyumba nyingine.

Sababu ya pili ni haki. Katika ngano sungura mdogo humshinda simba, na yatima aliyenyanyaswa huishi kwa raha. Hapa duniani si kila siku huwa hivyo. Mfano mzuri ni Shaaban Robert, aliyezaliwa mwaka 1909 karibu na Tanga, si mbali na mpaka wetu wa Lungalunga. Katika kitabu chake Kusadikika, kilichotoka mwaka 1951 Tanganyika ingali chini ya Waingereza, alibuni nchi inayoelea angani. Humo twamkuta Karama akishtakiwa, naye akijitetea kwa kueleza habari za wajumbe sita waliotumwa nchi za mbali. Walirudi na mambo ya kuifaa nchi yao, lakini badala ya shukrani wakaadhibiwa. Msomaji anajua fika kwamba nchi hiyo haipo, lakini anaijua dhuluma yenyewe.

Sababu ya tatu, na ndiyo kubwa, ni matumaini. Kifo chatutisha sote. Waislamu na Wakristo wa pwani hii hutumaini akhera, kwamba kuna mahali machozi yatakauka na waliotutangulia tutawaona. Nao wazee wa Kimijikenda huingia kaya kuomba. Kaya Kinondo, pale Diani, ni mojawapo ya misitu mitakatifu iliyowekwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2008. Mgeni akienda huvishwa kaniki nyeusi kabla ya kuingia, ili ajue kwamba hapo si mahali pa mchezo.

Lakini si kila tumaini hujenga. Mwezi wa Aprili 2023, katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, makaburi yalianza kufukuliwa. Hatimaye miili zaidi ya 400 ilitolewa, watoto wakiwemo. Watu walikuwa wameambiwa wafunge bila kula hadi wafe ili wakutane na Yesu. Tulipozungumza habari hii, wengine darasani walisema, "Basi dini ni hatari, na hadithi ni uongo mtupu!" Mimi sikubali. Kosa halikuwa kutumaini. Kosa lilikuwa kufunga mlango wa kurudi.

Tazameni wenyewe. Ngano huanza kwa "Paukwa" lakini pia ina mwisho, nasi twainuka twende tukalale. Wazee huingia kaya, kisha hutoka wakarudi kwa watu wao. Mwislamu akiswali humwelekea Mola wake, lakini humaliza kwa kutoa salamu kuliani na kushotoni, ndipo akarudi kwa jirani zake. Mkristo akitoka kanisani huambiwa aende kwa amani, ampende mwenzake. Hata wale wajumbe wa Kusadikika walirudi kwao, ijapokuwa hawakupokewa vyema. Dunia tusiyoiona hutufaa ikiwa yaturudisha kwenye hii tunayoiona tukiwa na nguvu zaidi. Ikituambia tuiache hii, tuache shule, chakula na watoto wetu, basi hiyo ni mtego.

Somo hili sikulipata kitabuni. Nyanya yangu huamini kabisa kwamba ataonana tena na babu. Hata hivyo huamka kabla ya alfajiri kila siku, akaswali, kisha akakaanga mahamri ya kuuza. Siku moja nikamwuliza, "Nyanya, ikiwa wangojea kwenda kwenye raha, mbona wajisumbua hivi?" Alicheka, akasema, "Mjukuu wangu, anayengojea mgeni hulala? Si hufagia!"

Maneno hayo yalinichoma. Mie nilikuwa nimelala. Jioni ile nilifungua daftari la hesabu, na hadithi nikaiweka iwe ya baada ya kazi. Sijawa wa kwanza darasani, lakini mkia nimeuacha. Na majini na visiwa vya dhahabu bado ninavyo, kila usiku kurasa chache kabla ya kulala.

Basi wenzangu, someni hadithi, ombeni, tumainini. Nendeni tezi na omo. Lakini mkumbuke ngamani kuna maji ya kufua.

Wasalaam.