Sinema za Kutisha: Tuogope Nini Hasa?

Mimi ni mpenzi wa sinema tangu utoto, wala sioni haya kulisema, ingawa kazi yangu ni kuandika vyeti vya ubatizo na vya ndoa. Tena si picha za kuchekesha ninazozipenda zaidi, bali zile za mapigano, za majitu na za mizimu. Basi wazazi wengi wa hapa Getanuwas hunijia ofisini, hasa siku ya Jumatatu, wakiuliza: "Karani, watoto wetu walikuwa tena kwenye banda la video usiku. Picha zile si zitawaharibu?" Leo nawajibu wote pamoja.

Zamani mtu wa huku akitaka kuona sinema katika jumba lake, ilimpasa asafiri hadi Arusha au Moshi. Televisheni yenyewe ilianza Tanzania Bara mwaka 1994 tu. Siku hizi sola moja, runinga moja na flashi iliyojaa picha vyatosha kufungua banda umiza kijijini. Na lugha si kizuizi tena, maana wako wasimulizi wanaozigeuza picha za Kimarekani, za Kihindi na za Kichina kuwa za Kiswahili. Aliyejulikana sana kwa kazi hiyo ni Kapteni Derek Mukandala, ambaye watu walimwita Lufufu. Hakutafsiri maneno tu. Alieleza, alitania, hata aliwakemea waovu waliomo katika picha, kama babu anavyosimulia hadithi jioni.

Mapigano na vifo

Nianze na picha za mapigano. Nani hamjui Rambo? Jina lake liliingia hata sokoni: mifuko ya plastiki iliyopigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019 tuliiita rambo. Katika picha ya Commando ya mwaka 1985, Arnold Schwarzenegger aenda kumwokoa binti yake, na peke yake awaangusha maadui kwa makumi. Naipenda picha hiyo. Baba anayemtafuta mwanawe ni jambo la kumgusa kila mzazi.

Lakini itazameni vizuri. Wale wote wanaoanguka ni kama hawana mama. Hakuna anayewalilia, hakuna anayechimba kaburi, hakuna matanga. Sisi wa Hanang twajua kifo kina uzito gani. Tarehe 3 Desemba 2023 matope, mawe na magogo yalishuka kutoka Mlima Hanang, yakafunika sehemu ya mji wa Katesh na vijiji vya jirani, na watu zaidi ya 80 wakafa. Aliyeona siku zile hawezi kusema kwamba maiti ni mchezo. Kwa hiyo picha ya mapigano siikatai kwa sababu ya damu. Naikataa inapomzoeza mtoto kupiga makofi kila mtu anapokufa.

Na hatari yaweza kuonyeshwa bila kuua watu. Iko picha iitwayo Hatari!, jina la Kiswahili kabisa, iliyotolewa mwaka 1962. Mwongozaji wake, Howard Hawks, aliipiga Tanganyika, Arusha na pande za Ziwa Manyara, nasi tu majirani wa huko. John Wayne na wenzake wawafukuza vifaru na twiga kwa magari ili kuwakamata wakiwa hai. Vifaru wale ni vifaru wa kweli. Moyo wadunda mwanzo hadi mwisho.

Majitu na maajabu

Wako wasemao kwamba picha za majitu ni uongo mtupu. Ni uongo, ndiyo, kama hadithi ya Sungura na Fisi ilivyo uongo. Je, nani amepotoshwa na Sungura? Wazee wa Kiiraqw walisimulia habari za Netlangw, mapepo yanayokaa katika chemchemi na mito, na watoto wakasogea karibu na moto wakiomba waongezewe. Mtoto apenda kuogopa kidogo akiwa karibu na mtu anayemwamini.

Mwaka 1935 hadi 1937 Waingereza walipiga picha 35 fupi huko Vugiri, milima ya Usambara, juu ya kahawa, kodi, safura na mambo kama hayo. Walidhani kwamba Mwafrika afaa kuonyeshwa picha za taratibu tu, asije akachanganyikiwa. Laiti wangewaona vijana wetu wa leo wakifuata picha ya majitu kutoka nyota nyingine, na kubishana hata juu ya makosa ya aliyeitunga!

Lakini nawashauri wazazi wawaeleze watoto jinsi maajabu yanavyotengenezwa. King Kong wa mwaka 1933, yule sokwe mkubwa aliyepanda jumba refu la New York, alikuwa sanamu yenye urefu wa sentimita 45 hivi, iliyovikwa manyoya ya sungura na kusogezwa kidogo kidogo, picha baada ya picha. Katika Psycho ya mwaka 1960, damu inayotiririka bafuni ilikuwa sharubati ya chokoleti. Mtoto akilijua hilo ataogopa bado, lakini usiku atalala.

Mizimu na wachawi

Sasa nifike kwenye picha za kutisha. Nazipenda zile zinazoficha kuliko zile zinazoonyesha. Jaws ya mwaka 1975 yahusu papa mla watu. Papa wa mashine waliyemtengeneza alikuwa akiharibika kila mara katika maji ya chumvi, hata Steven Spielberg akalazimika kumwonyesha mara chache. Matokeo yake watazamaji waliyaogopa maji yenyewe.

Je, ni dhambi kuzitazama picha za namna hii? Baba Mtakatifu Pius wa Kumi na Mbili, katika barua yake ya mwaka 1957, Miranda Prorsus, hakuitupa sinema. Alitaka itumiwe kwa busara. Na mwaka 1995, sinema ilipotimiza miaka mia, Vatikani ilitoa orodha ya picha 45 zenye thamani, na mojawapo ni Nosferatu ya mwaka 1922, habari za mfu anyonyaye damu. Basi kutisha peke yake si kosa.

Kosa naliona mahali pengine. Watengenezaji wetu wa Tanzania nao wamepiga picha za mizimu, kama Nsyuka ya Mussa Banzi, na wengi walizipenda. Lakini ziko nyingine, sizitaji majina, ambazo kitisho chake chote ni kikongwe mwenye macho mekundu, akaaye peke yake na kuroga wajukuu. Papa hayupo Getanuwas. Kikongwe yupo.

Baada ya picha moja ya namna hiyo, watoto wa hapa walianza kumkimbia bibi mmoja mjane wakati wa kwenda kisimani. Walimwita kwa jina la mchawi wa ile picha, na mmoja akamrushia jiwe. Mama mmoja wa jumuiya aliwakamata watoto watano, hakuwachapa. Aliwapeleka jikoni kwa yule bibi, akawaketisha wapulize moto wa kuni mbichi mpaka uji uive. Walitoka wote wakilia, macho mekundu kama pilipili. Akawauliza, "Haya, nani kati yenu ni mchawi?" Tangu siku hiyo wanamchotea maji.

Msicheke tu. Katika nchi yetu, hasa mikoa ya Kanda ya Ziwa, wanawake wazee wameuawa kwa kushukiwa uchawi, na macho mekundu yalitosha kuwa ushahidi, kumbe ni moshi wa miaka mingi ya kuwapikia watoto wao. Picha inayouongezea nguvu uzushi huo siitazami, hata ikiwa imetengenezwa vizuri namna gani.

Wazazi wafanye nini?

Kwanza, ulizeni mwenye banda anaonyesha nini, na saa ngapi. Nchi yetu ina Bodi ya Filamu inayokagua picha na kupanga umri wa kuzitazama. Mwenye banda hana haki ya kumwingiza mtoto wa miaka saba kutazama picha ya watu wazima kwa sababu tu ana shilingi mkononi.

Pili, mara mojamoja ketini mtazame pamoja nao, hata kama hamzipendi. Kisha waulizeni mambo mawili: Aliyekufa katika picha, nani alimlilia? Na picha imetufundisha kumwogopa nani? Jibu la swali la pili likiwa ni mtu wa kijijini kwetu, ongeeni na mtoto usiku huohuo, msingoje asubuhi.

Hayo ndiyo maoni yangu. Mwenye maoni mengine na ayaandike, tuyasome.