Bibi arusi hukaa, wageni ndio waendao

Wahenga walinena kwamba nguo ya kuazima haisitiri. Maneno hayo nimeyasikia hapa Mombasa tangu utotoni, lakini maana yake sikuipata sawasawa mpaka nilipochumbiwa, nikaanza kutafuta gauni la siku ya kupambwa. Maana mimi, mpenzi msomaji, ni mtu wa kiti cha magurudumu. Nilipokuwa na umri wa miaka 19 gari tulilopanda lilipinduka katika barabara ya Malindi, uti wangu wa mgongo ukaumia, na tangu siku hiyo miguu yangu hainibebi wala haihisi kitu.

Posa ilipokubaliwa na mahari kutajwa, arusi iliwekwa katika Mfungo Mosi. Hapo ndipo mimi na dada yangu tulipotoka kwenda kutazama magauni ya kukodi. Duka la kwanza lilikuwa ghorofani, na njia ya kufikia ni ngazi tupu. Nikabaki chini barabarani, dada akawa anapanda na kushuka, akiniletea nguo mojamoja kama mchuuzi. Duka la pili halikuwa na ngazi, tukaingia. Mwenye duka, bibi wa makamo mwenye heshima zake, alinitazama kidogo, kisha akamgeukia dada yangu.

"Yeye apenda rangi gani?"

"Muulize mwenyewe," dada akajibu. "Yeye ndiye bibi arusi."

Yule bibi alitahayari, akaomba radhi, nami sikumwekea kinyongo. Lakini ni vyema ijulikane kwamba Katiba yetu ya mwaka 2010, katika kifungu cha 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kutendewa kwa heshima na kuzungumziwa kwa namna isiyomdunisha, na pia haki ya kufika mahali pote kwa njia inayomfaa. Ngazi zile na swali lile, vyote viwili vimo katika kifungu hicho kimoja.

Ama magauni yenyewe, yote yalikuwa yameshonwa kwa mtu asimamaye. Nilipolivaa la kwanza kifua kilipanda mpaka karibu na kidevu, mgongoni likajikunja kama furushi, na mbele upindo ukapanda ukaniacha miguu wazi. Mkia wake mrefu ulinaswa na spoki za gurudumu kabla sijafika kwenye kioo. La pili lilikuwa la satini tupu, likaniteleza kitini hata dada akanishika mabega. La tatu lilijaa shanga mpaka nyuma. Wewe msomaji ukikalia shanga utaumia, utajisogeza. Mimi sihisi. Shanga inayonikandamiza kwa saa kadhaa yaweza kunitia kidonda kisichopona upesi.

Tulirudi mikono mitupu, na nyumbani tukakuta shauri jingine. Shangazi yangu alikuwa amekwisha kupanga mambo: kabla ya wageni kufika ukumbini, wanawake wanne wanibebe, waniketishe juu ya kile kiti kikubwa cha jukwaani, na kiti changu kifichwe nyuma ya mapazia.

"Hatukuonei haya, mwanangu," akasema. "Lakini watu wa kwao watakuja, na watu wana midomo."

"Shangazi, bwana arusi aliposa akijua, na mamake aja hapa kila wiki. Tutamficha nani?"

"Picha hubaki, mwanangu."

Mama alinyamaza, macho chini. Kimya chake kiliniuma kuliko maneno ya shangazi. Nilijua kwamba nikishawekwa pale, tangu saa mbili mpaka saa sita za usiku nisingeweza kwenda popote bila ya kubebwa. Ningekuwa pambo miongoni mwa mapambo.

Aliyekata shauri alikuwa nyanya yangu, ambaye muda wote huo alikuwa amekaa kitandani akitunga asumini.

"Mwashindania kusimama," akasema. "Bibi arusi wetu alisimama lini? Bibi arusi hukaa, wageni ndio waendao kumtazama."

Maneno yake yalinifumbua macho. Gauni jeupe ni desturi ya Ulaya, iliyopata nguvu baada ya Malkia Victoria wa Uingereza kuolewa kwa nguo nyeupe mwaka 1840. Diana alipoolewa London mwaka 1981, mkia wa gauni lake ulikuwa na urefu wa futi 25. Nguo kama hiyo yataka mtu aende kwa miguu na mkia umfuate. Hapa kwetu Pwani bibi arusi alipambwa kwa leso za kisutu, dhahabu, hina na asumini, akaketi kwa utulivu, akatazamwa. Sisemi gauni jeupe ni baya, maana mimi mwenyewe nililitaka. Nasema tuliliazima bila ya kuuliza lilikatwa kwa ajili ya nani.

Basi tukaenda kwa fundi mmoja wa kike, mtaa wa Kibokoni. Mama huyu aliwahi kufanya kazi Bombolulu, ambako karakana za mafundi wenye ulemavu zilianzishwa mwaka 1969, na alikuwa amezoea kuwashonea wenzake. Hakuniambia nijinyooshe. Aliniambia, "Keti kama uketivyo siku zote, na mto wako usiutoe." Akanipima nikiwa nimeketi: kutoka shingoni mpaka kitini, na kutoka kiunoni, juu ya magoti, mpaka nyayoni.

Kifua alikikata kifupi mbele na kirefu nyuma. Sketi aliifanya kinyume: mbele ndefu, inisitiri mpaka vidoleni, na nyuma fupi isijikunje chini yangu. Tarizi na shanga akazitia kifuani, magotini na kwenye vifundo vya mikono, ambako mgeni huona, na nyuma hakutia hata moja. Mikono ya gauni ilikuwa ya kubana isishike vumbi la magurudumu, bitana ilikuwa ya pamba isiteleze, na shela ilikomea kwenye viwiko.

Usiku wa hina sikuweza kugusa magurudumu, nikasukumwa, nikalishwa kwa mkono. Lakini hilo ni la kila bibi arusi, na kwa mara moja nilikuwa sawa na wenzangu wote.

Siku ya kupambwa kaka zangu waliweka mbao za mteremko jukwaani tangu adhuhuri, wakaondoka kabla wanawake hawajafika. Usiku mlango ulipofunguliwa, mama alikuja nyuma ya kiti changu.

"Nikusukume?" akauliza.

"Nitakwenda mwenyewe, mama. Wewe nenda ubavuni mwangu."

Akanishika bega, tukaingia. Nilisikia sauti moja ikisema "maskini," kisha vigelegele vikaifunika, na aliyevianza alikuwa shangazi yangu. Picha zipo, kiti changu kimo ndani yake, na yeye mwenyewe ndiye anayewaonyesha wageni.

Wapendwa wasomaji, nyumba nyingi za Pwani zina binti kama mimi, na wengine wamefichwa chumbani si kwa kuchukiwa, bali kwa kuogopewa midomo ya watu. Mafundi, mpimeni mtu kama alivyo. Wenye maduka, semeni na bibi arusi, si na dada yake. Nanyi wazazi, siku ya furaha ya mtoto wenu msianze kwa kutafuta pazia. Anzeni kwa kumuuliza apenda rangi gani.