Mwimbaji Asiyedai Mshahara

Hatsune Miku ana umri wa miaka 16, na haongezi hata mmoja. Si mtu. Ni programu ya kompyuta iliyotolewa na Crypton Future Media ya Sapporo, Japani, Agosti 31, 2007, kwa teknolojia ya sauti ya Yamaha. Jukwaani huonekana kama picha ya mwanga. Wapiga gitaa na dramu walio nyuma yake ni binadamu.

Fedha zinatoka wapi? Mnunuzi wa programu hutunga wimbo, Miku huuimba. Crypton huwaachia mashabiki watumie sura yake bure, mradi wasifanye biashara. Anayetaka kuichapa kwenye bidhaa za kuuza huomba leseni. Kwa hiyo mashabiki ndio wanaomtangaza, tena kwa gharama zao.

HoriPro ilijaribu njia nyingine mwaka 1996. Ilimtoa msichana wa kompyuta, Kyoko Date. Mauzo hayakuridhisha.

Mwenye akiba anayetafuta hisa za Miku hatazipata, kwani Crypton haiuzi hisa sokoni. Yamaha imo katika soko la Tokyo, lakini anayeinunua ananunua zaidi biashara ya ala za muziki.