Je, Wajua? Hamira na uchachu wa pombe

Pombe ya mtama inayopikwa vijijini Singida na bia ya chupa hazitofautiani kwa nafaka tu. Bia nyingi za chupa nchini ni lager: hamira yake hufanya kazi kwenye ubaridi wa nyuzi 7 hadi 13 hivi, taratibu, kisha hutuama chini ya pipa. Bia za ale na stauti hutumia hamira jamii ya ile ya maandazi, inayopenda joto la nyuzi 20 hivi na kuacha harufu ya matunda.

Mpishi wa pombe ya mtama hanunui hamira. Huchanganya kimea na uji uliopoa, akatia mashapo ya pombe iliyopita, yenye hamira pamoja na bakteria wa jamii ya wale wa maziwa mgando. Hao ndio waleta ukali. Pombe hiyo hunywewa ingali inachemka povu. Ikilala sana, inageuka siki.

Wanzuki, pombe ya asali, haihitaji kimea cha kugeuza wanga kuwa sukari, kwa kuwa asali tayari ni sukari. Inahitaji maji: ikiwa nzito, hamira haifurukuti.