Usiku mmoja wa taabu unaoweza kuokoa maisha

MKAZI wa Lanet aliyepangiwa kuchunguzwa utumbo mpana saa mbili asubuhi mjini Nakuru huenda akadhani kazi yote ni ya daktari. La hasha. Nusu ya kazi hiyo huifanya mwenyewe nyumbani, usiku uliotangulia.

Uchunguzi huo, uitwao kolonoskopi, hufanywa kwa mrija mwembamba unaopindika, wenye taa na kamera kwenye ncha yake. Daktari akikuta vinundu, aghalabu huviondoa papo hapo kabla havijageuka kuwa saratani. Lakini kamera haioni kupitia kinyesi. Utumbo usiposafika, kinundu hufichika, na mgonjwa huenda akalazimika kurudia njaa, safari na gharama.

Maandalizi huanza siku moja hadi tatu kabla. Githeri, maharagwe, sukuma wiki na matunda yenye mbegu huwekwa kando, mgonjwa akila wali mweupe, mkate mweupe, mayai au samaki.

Agizo hili huwashangaza wengi. Denis Burkitt, aliyekuwa daktari wa upasuaji katika Hospitali ya Mulago, Uganda, alieleza mnamo 1971 kwamba vyakula vyenye nyuzinyuzi ndivyo vilivyowakinga Waafrika dhidi ya saratani ya utumbo. Ushauri wa kula vyakula hivyo haujabatilika. Huahirishwa kwa siku chache tu, kwa kuwa maganda na mbegu hukawia utumboni.

Siku ya mwisho kabla ya uchunguzi, wagonjwa wengi huagizwa kunywa vitu viangavu pekee: maji, chai ya strungi, supu iliyochujwa au maji ya matunda yasiyo na nyama ya tunda. Maziwa hayaruhusiwi. Vinywaji vyekundu navyo huepukwa, kwani rangi yake hudhaniwa kuwa damu.

Kisha huja haluli, dawa ya unga inayochanganywa na maji, kwa kawaida lita mbili hadi nne. Nusu hunywewa jioni, na nusu ya pili saa nne hadi sita kabla ya uchunguzi. Kwa miadi ya saa mbili asubuhi, hiyo ni kuamka kati ya saa nane na saa kumi usiku.

Hapa ndipo wengi huteleza, wakaona heri wamalize dawa yote jioni na kulala. Usiku kucha utumbo mwembamba huendelea kumwaga majimaji yenye nyongo, yanayogandamana kwenye mwanzo wa utumbo mpana. Dozi ya alfajiri ndiyo huyaondoa. Kunywa kitu chochote hukoma angalau saa mbili kabla ya uchunguzi, au mapema zaidi hospitali ikiagiza hivyo.

Dalili njema ni kutokwa na majimaji ya manjano yasiyo na chembe. Yakiwa bado ya kahawia, iarifu hospitali kabla ya kuondoka.

Wenye kisukari, ugonjwa wa figo au moyo, na wanaotumia dawa za kuzuia damu kuganda, wamwone daktari mapema. Wasiache dawa kwa hiari yao.

Kutoka Lanet hadi mjini ni kilomita 10 hivi, lakini msongamano wa asubuhi haumsubiri mwenye tumbo la kuendesha. Ondoka mapema, na uandamane na mtu wa kukurudisha nyumbani, kwani aliyepewa dawa ya usingizi haruhusiwi kuendesha gari siku hiyo.