Jasho la Dada, Joho la Mdogo Wake

Ndugu msomaji, pengine nyumbani kwako yuko kijana anayesoma chuo. Anayemlipia si baba wala mama. Ni kaka yake au dada yake. Mimi ni bwana shamba, na nyumba za namna hii nazijua nyingi. Siku kijana anapomaliza masomo, watu humshangilia yeye. Aliyelipa yuko nyuma ya nyumba, anapakua wali. Leo tumzungumzie huyo wa nyuma ya nyumba.

Ninayemfahamu vizuri ni mama mmoja wa wilaya ya Mufindi, mkoa wa Iringa. Jina lake siliandiki. Yeye ni kifungua mimba. Mwaka 2001 baba yao alifariki. Binti huyu alikuwa darasa la tatu, na mdogo wake wa mwisho alikuwa bado anabebwa mgongoni. Fedha za shule hazikuwapo. Binti akaacha masomo, akashika jembe pamoja na mama yake. Mwaka uliofuata, 2002, shule za msingi zilikuwa hazitozi ada tena. Lakini yeye alikuwa amekwisha kuzoea shamba, na hakuna aliyemrudisha.

Mdogo wake alisoma. Alipokuwa sekondari, serikali ilifuta ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne, kuanzia mwaka 2016. Hata hivyo sare, madaftari na viatu havikufutwa. Hivyo vyote vilitoka mkononi mwa dada. Mwaka 2020 kijana akapata nafasi katika Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Morogoro. Alipata mkopo wa serikali, lakini mkopo haukutosha kila kitu. Sehemu iliyobaki ilikuwa ya dada.

Alilipaje? Hapa nataka usome polepole, maana jambo hili linaweza kukufaa hata wewe.

Mkulima huvuna mara moja. Chuo hudai mara mbili kwa mwaka. Mahindi ya kwetu huvunwa kuanzia mwezi wa sita. Wakati huo kila mtu anauza, na bei iko chini. Dada huyu alitenga magunia kumi ya mdogo wake, mbali na chakula cha nyumbani. Matano aliyauza chuo kilipokaribia kufunguliwa. Matano mengine aliyaweka mpaka mwezi wa pili, ambapo mara nyingi mahindi huwa yamepungua na bei imepanda. Nasema mara nyingi. Bei ya mahindi haijawahi kumwahidi mtu.

Adui wake alikuwa fukusi na dumuzi. Tulitumia mifuko ya kinga njaa. Mfuko huu una tabaka tatu: mbili za plastiki ndani, na moja ya kiroba nje. Kila tabaka hufungwa peke yake, kwa nguvu. Wadudu wakikosa hewa hufa, bila dawa. Lakini mahindi yawe makavu kweli. Chukua chupa kavu ya kioo, tia mahindi na chumvi kavu kidogo. Funga, tikisa, kisha acha yatulie. Chumvi ikinata kwenye kioo, rudisha mahindi juani. Na usiutoboe mfuko. Tundu moja la panya linaharibu kazi yote.

Katika miaka hiyo dada alijiunga na kisomo cha watu wazima. Nilimwuliza sababu. Alisema amechoka kumpa mtoto wa jirani ujumbe wa simu wa mdogo wake ili amsomee. Mambo mengine si ya jirani.

Mwishoni mwa mwaka 2023 walikwenda Morogoro kwenye mahafali, yeye na mama yao. Basi lilipita katikati ya mbuga ya Mikumi. Mama aliona tembo, dada alikuwa amelala. Chuo hicho kina jina la Edward Moringe Sokoine, waziri mkuu aliyefariki kwa ajali ya gari tarehe 12 Aprili, 1984. Kilikuwa chuo kikuu kamili mwezi wa saba mwaka huo huo.

Siku ya mahafali wageni walipewa kitabu chenye majina ya wahitimu. Dada alitafuta kwa kidole, ukurasa kwa ukurasa. Alilikuta jina la mdogo wake, na mbele yake jina la baba yao. Alimwonyesha mama. Aliniambia kuwa tangu baba azikwe, hajawahi kuliona jina lake limeandikwa mahali pa furaha. Kijana alipotoka nje, alivua joho lake akamvika dada yake. Wakapigwa picha hivyo. Picha hiyo iko ukutani, nami nimeiona.

Basi wakarudi nyumbani, na hapo maneno yakaanza. Kijana hakupata ajira haraka. Majirani walimwona shambani na jembe, wakacheka: "Msomi gani huyu?" Baba mdogo mmoja alikuwa amekwisha kuulizia bei ya bati, kwa mshahara ambao haujapatikana.

Ndugu msomaji, hapa nataka tuelewane. Mhitimu anatoka chuoni na deni. Akiajiriwa, asilimia 15 ya mshahara wake hukatwa kulipa mkopo. Wajomba na mashangazi wakimpangia nyumba, ada na harusi katika mwezi wa kwanza, watamkimbiza mjini asirudi. Dada huyu hakumpangia lolote. Aliwajibu wacheka hivi: "Mimi nilisomesha mtu wa kilimo. Mlitaka nimkute wapi, baharini?"

Mimi nina astashahada tu, kijana ana shahada. Napenda kukaa naye. Msimu wa 2024 alipima mistari ya mahindi kwa kamba, sentimita 75 mstari hadi mstari, na 30 shimo hadi shimo, punje moja kila shimo. Dada alitaka punje tatu, kama mama yao alivyomfundisha. Walibishana asubuhi nzima. Mwishowe waligawa shamba, kila mmoja na njia yake, wakaniita niwe shahidi wa mavuno. Upande wa kijana ulizidi. Dada alihesabu magunia mara mbili, kisha akamwita mama yao aje aone.

Mtoto wake wa kwanza amefika darasa la saba. Mjomba ndiye anayemfundisha hesabu jioni. Na dada ametenga tena magunia kumi.