AFYA YA MUUGUZI NI KINGA YA MGONJWA

Kila ifikapo tarehe 12 Mei, Siku ya Wauguzi Duniani, wauguzi na wakunga hupewa sifa nyingi kwa kazi yao, nazo ni haki yao. Lakini siku hiyo ikishapita, ni wachache wanaouliza juu ya afya ya muuguzi mwenyewe: amelala saa ngapi, amekula nini, na nani atakayeshika zamu yake siku atakayougua yeye. Kwa kisiwa kama Pemba, suala hilo si la muuguzi peke yake. Linamhusu kila mkaazi.

Uhaba wa wauguzi ni tatizo la dunia nzima. Kwa mujibu wa ripoti ya Shirika la Afya Ulimwenguni (WHO) ya mwaka 2025, dunia ilikuwa na wauguzi milioni 29.8 mwaka 2023, na walipungua milioni 5.8 ili kukidhi mahitaji. Nchi zenye uwezo huwavuta wauguzi wa nchi zenye kipato kidogo, na kwa sababu hiyo nchi wanachama wa WHO zilikubaliana mwaka 2010 juu ya kanuni za uadilifu katika kuajiri watumishi wa afya kutoka nchi nyengine.

Kwa upande wa Pemba, Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 406,848, na ile ya mwaka 2022 ikahesabu watu 543,441. Hilo ni ongezeko la zaidi ya watu 136,000 katika miaka 10. Majengo nayo yameongezeka, ikiwemo Hospitali ya Abdalla Mzee, Mkoani, iliyofunguliwa upya mwaka 2016 kwa msaada wa China. Hata hivyo, jengo husimama kwa fedha na saruji, ama muuguzi wa stashahada huhitaji miaka 3 ya masomo, na baada ya hapo miaka mengine ya uzoefu. Aidha, kwa muda mrefu kijana wa Pemba aliyetaka kusomea uuguzi alilazimika kuvuka bahari kwenda Mbweni, Unguja, na si wote waliorejea. Katika visiwa vidogo kama Kojani, Fundo, Makoongwe na Kisiwa Panza, muuguzi akiugua, wa kumshikia nafasi husubiri chombo na maji.

Hasara ya uchovu humfikia mgonjwa. Muuguzi asiyelala huweza kukosea kipimo cha dawa, au akachelewa kutambua kwamba mzazi aliyejifungua muda mfupi uliopita anatoka damu kupita kiasi. Katika hali hiyo, dakika chache ndizo zinazotenganisha uhai na mauti. Kwa hiyo wauguzi na wakunga wanakumbushwa mambo yafuatayo:

(a) Usingizi. Mtu mzima anahitaji saa 7 au zaidi kwa siku. Anayetoka zamu ya usiku alale katika chumba chenye kiza na utulivu. Waume na jamaa wa nyumbani wanaombwa wasimrundikie kazi za jikoni na za watoto asubuhi hiyo.

(b) Mgongo. Mgonjwa mzito asinyanyuliwe na mtu mmoja. Wasaidiane wawili, wakunje magoti na kuuweka mgongo sawa.

(c) Sindano. Sindano iliyotumika isirejeshwe kifuniko. Itiwe mara moja katika kisanduku chake. Kila muuguzi ahakikishe amekamilisha dozi 3 za chanjo ya homa ya ini aina ya B. Aliyechomwa asifiche kwa kuona haya: aoshe jeraha kwa maji na sabuni, atoe taarifa papo hapo, na akishauriwa kutumia dawa za kinga ya Ukimwi, azianze mapema kabla ya kupita saa 72 na azitumie kwa siku 28.

(d) Chakula na mwendo. Chai yenye sukari nyingi na maandazi si chakula cha kukesha nacho kila siku. Samaki, kunde, kisamvu, mchicha na matunda ya msimu vinapatikana hapa hapa. Chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, yaani kiasi cha kijiko kimoja cha chai, ikihesabiwa pamoja na ile iliyomo katika papa mkavu. Kutembea kwa haraka dakika 30 kwa siku, siku 5 kwa wiki, kunatosha.

(e) Moyo. Kufiwa na mgonjwa, khasa mzazi au mtoto mchanga, huacha huzuni. Kumweleza mwenzake au mkuu wake wa kazi si udhaifu.

Wakuu wa vituo na wodi nao wanakumbushwa kupanga zamu kwa uadilifu, kuepuka kumpa mtu mmoja zamu mbili mfululizo, na kutoahirisha likizo bila ya dharura.

Wananchi nao wana sehemu yao. Katika miaka ya 1990 wodi za watoto zilikuwa zikijaa wagonjwa wa malaria. Zanzibar ilipoanza kutumia dawa mseto mwaka 2003, vikafuata vyandarua vyenye dawa na upigaji dawa majumbani, maambukizi yalishuka hadi chini ya asilimia 1. Kinga hiyo iliwapunguzia wauguzi mzigo mkubwa. Leo mzigo unaokua ni wa shindikizo la damu na kisukari, nao pia hupungua watu wakipima afya mapema, wakipunguza chumvi na sukari, na kuacha sigara. Vile vile, wajawazito wahudhurie kliniki mapema, jamaa wafuate saa za kutazama wagonjwa, na malalamiko yapelekwe kwa mkuu wa kituo badala ya kumfokea muuguzi aliye kazini.

Afya ni amana, na mwili una haki yake kwa mwenyewe. Muuguzi anayeitunza afya yake anawatunza wagonjwa wake, na wananchi wanaojikinga na maradhi wanamtunza muuguzi wao. Wahenga walisema: mkono mmoja haulei mwana.